Rufaa ya Ndambuki na Mbuzi wa Ntheo

Ndambuki alikuwa mwenye nyumba wa Gatongora aliyeishi katika chumba cha kupanga ndani ya jengo lake mwenyewe, na alifanya bidii kubwa mtu yeyote asilijue hilo. Waliomkuta asubuhi akielekea kwenye bafu la nje na taulo begani aliwaambia kwamba amekuja kukagua mabomba. Hakuna mabomba katika eneo lote la Ruiru yaliyokaguliwa mara nyingi namna ile, tena kwa sabuni.

Wapangaji walijua. Mpangaji hujua mwenye nyumba anakolala hata kabla ya mwenye nyumba kulala. Lakini walikuwa watu wenye adabu, na walipopishana naye waliuliza tu, "Mabomba yako sawa, mzee?" Naye alijibu, "Yako sawa kabisa," huku maji yakimdondoka masikioni.

Alikuwa amefika pale kwa njia ya kisheria. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja Thika, kazi ya kufungua mlango, kufunga mlango na kumshuku kila anayepita katikati. Alipostaafu aliingiwa na wazo kwamba watu wa wodi yao walikuwa wakimngoja. Akagombea kiti cha uwakilishi wa wodi hiyo katika kaunti. Alichapisha fulana zenye sura yake, na siku ya kura fulana zilionekana kila mahali ila kura hazikuonekana. Hata leo ukipita Murera unaweza kumkuta mtu akipalilia mahindi, na mgongoni mwake Ndambuki anatabasamu na kuahidi maji.

Kushindwa si kosa. Kosa lilikuwa kwamba fulana zile zilitoka kwenye kipande cha shamba nyuma ya nyumba yao ya Murera, kipande alichokiuza bila kumwambia mkewe. Syombua, fundi wa kushona sare za shule mjini Thika, alizipata habari siku aliyokuwa akianika nguo. Aliona vijana wakipigilia vigingi kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Akawauliza wanatafuta nini. Mmoja akamwamkia vizuri, akasema, "Mama, kwani wewe ndiye mpangaji wa hapa?"

Syombua hakupiga kelele. Alimaliza kuanika, akaoga, akaenda kutafuta wakili.

Kesi ya talaka haikuwa imefika hata nusu ya njia korti ilipotoa amri ya muda. Kodi ya jengo la Gatongora iende kwa Syombua, kwa kuwa ilionekana mkopo uliolijenga uliletwa na cherehani zake. Nyumba ya Murera akae yeye. Ndambuki asiingie katika boma lile ila kwa ruhusa ya mke.

"Hii ni ya muda tu, mzee," wakili wake alimtuliza. Wakili huyo aliitwa Lynn, binti mkakamavu mwenye ofisi Thika juu ya duka la dawa za mifugo, na mteja wake yeyote alishuka ngazi akinuka chakula cha vifaranga.

"Muda gani?"

"Mpaka kesi iishe."

"Na kesi inaisha lini?"

"Hiyo siwezi kukuandikia."

Basi Ndambuki akakata rufaa, na rufaa ikaingia kwenye foleni nyuma ya rufaa za watu wengine ambao nao walikuwa wameambiwa ni ya muda tu. Yeye akahamia chumba namba saba, ambacho mpangaji wake alikuwa ameondoka. Alidhani amejificha. Mwisho wa mwezi Mburu, msimamizi wa jengo, akabisha hodi.

"Mzee, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Mburu. Kuna shida ya maji?"

"Maji iko sawa. Ni ile mambo ya mwisho wa mwezi."

"Mambo gani?"

Mburu aliangalia viatu vyake. "Mama alisema wapangaji wote. Mimi nikamuuliza, hata namba saba? Akaniuliza, kwani namba saba iko na mtu? Nikasema iko. Akasema, basi huyo ni mpangaji."

"Mburu, mimi ndiye niliyekuandika kazi."

"Ai, ni kweli kabisa mzee, na ulinifunza vizuri. Ulisema mtu akianza kuniletea hadithi nimwambie akaandike kitabu."

Ndambuki akalipa. Mburu akamshukuru kwa ule upole ambao Ndambuki mwenyewe alikuwa amemfundisha, wa kutumiwa kwa wapangaji wasio na maneno mengi.

Angeweza kuishi hivyo, mabomba yakikaguliwa na foleni ikisogea, kama binti yake Kaluki hangepiga simu kutoka Nakuru alikofanya kazi.

"Baba, watu wa kina Mutisya wamesema wako tayari. Wanaleta ntheo mwezi ujao."

Ndambuki alikaa kitandani. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio huifanya ndoa iitwe ndoa. Bila wao mwanamke anaweza kuzaa, kulea na kuzeeka katika nyumba ya mtu na bado wazee wakamwita rafiki wa yule bwana. Na mbuzi hao hawapelekwi hotelini wala ukumbini. Hupelekwa katika boma la baba wa msichana, wakapokelewa na baba wa msichana, na mmoja wao akachinjwa hapo.

"Ni vizuri," akasema.

"Mwaitu ameshaanza kupanga mambo ya chakula," akasema, akimtaja mama yake kwa Kikamba. "Wewe utakuwa, si ndiyo?"

"Nitakosaje? Mimi ndiye mwenye boma."

Kaluki alijua wazazi wake wako kortini, maana hilo lilijulikana hata na kwaya ya kanisani. Lakini alivyoongea ilikuwa wazi kwamba hakujua kuhusu geti ambalo baba yake amekatazwa kulivuka. Ndambuki alikata simu, akamwona akilini mkwe wake mtarajiwa, Mutisya, akiteremsha mbuzi garini, na yeye mwenyewe amesimama barabarani upande wa mbuzi.

Kesho yake alikuwa juu ya duka la dawa za mifugo.

"Wakili, hii rufaa inaweza kukimbizwa?"

"Inaweza. Tunaandika ombi, tunaweka cheti cha dharura, tunamwambia jaji kwa nini wewe usingoje kama wengine." Lynn alichukua kalamu. "Sasa niambie. Kwa nini usingoje?"

"Kuna mbuzi wanakuja."

Lynn aliweka kalamu chini. Ndambuki akamweleza yote, na Lynn akamsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini mbuzi si dharura."

"Kwa Mkamba ni dharura."

"Hata jaji akiwa Mkamba, akivaa lile joho anauacha Ukamba kwenye gari. Halafu hii amri yenyewe inasema unaweza kuingia kwa ruhusa ya mama. Si umpigie tu simu umuulize?"

"Nimwombe ruhusa ya kuingia kwangu?"

"Ni simu tu."

"Wewe ni mtoto," Ndambuki alisema bila hasira. "Nikishaomba ruhusa, nimekubali si kwangu."

Lynn aliliacha hilo lipite. "Haya. Basi tunahitaji mateso. Unaishi wapi siku hizi?"

Ndambuki aliangalia mlango kama kwamba umefunguliwa. "Gatongora."

"Kwa nani?"

"Kwangu. Chumba."

"Chumba kimoja? Choo iko ndani?"

"Iko nje."

"Mnatumia wangapi?"

"Laini nzima ya vyumba."

"Na unalipa kodi? Kwa nani?" Lynn alipoambiwa, alianza kuandika kwa ile furaha wanayoipata mawakili hali ya mteja inapozidi kuharibika. "Hii ni nzuri sana," akasema, kisha akajirekebisha. "Yaani kwa ombi letu. Dawa ya presha unanunua mwenyewe? Umewahi kuikosa? Vizuri. Yaani pole."

"Aibu nayo uiandike."

"Aibu haiandikwi, mzee. Ingekuwa dharura, hakuna kesi hata moja ya talaka ingepanga foleni."

Hati ya kiapo ilipokuwa tayari, Ndambuki aliisoma akiwa amesimama. Ilikuwa kweli tupu, na hakuwahi kusoma kitu kilichomuudhi kama kile. Kulikuwa na kitanda, meko, ndoo na bafu la laini nzima. Kulikuwa na "mwombaji, mzee wa umri wake, hulazimika kungoja zamu akiwa na taulo". Alijua Syombua angepewa nakala na angeisoma jioni, miwani ikiwa puani, akila polepole. Alitia sahihi haraka kabla mkono haujabadili nia.

Siku hizi mtu haendi kortini. Korti humfuata mtu kwa simu. Lynn alimtumia linki na maneno machache: awe mahali palipotulia, na akae kama alivyo. Ndambuki alizingatia nusu ya kwanza.

Nusu ya pili ilimshinda kwa sababu ya ukuta. Chumba namba saba kilikuwa na vumbi la kudondoka, naye alikuwa amelizuia kwa mabango ya kampeni yaliyobaki, ambayo yalikuwa karibu yote. Alijaribu kuweka simu upande huu, akaonekana yeye na nyuso zake tano. Akajaribu upande ule, ikaonekana ndoo. Alishindwa kumwazia jaji akimtazama akiwa amezungukwa na yeye mwenyewe. Tena Syombua angekuwa kwenye linki. Mke anaweza kusoma habari za ndoo. Kuiona ni jambo jingine.

Akapanda ngazi hadi kwa Aoko, mwalimu wa chekechea aliyepanga nyumba kubwa ya orofa ya juu.

"Mwalimu, kuna kikao kidogo cha simu. Kule chini mtandao ni mbaya."

"Karibu mzee, hata viatu usitoe!" Aoko alikuwa mkarimu, na alikuwa na sebule ya kuonyesha: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe visivyowahi kunywewa, televisheni pana kama mlango. "Ni kikao cha kanisa? Nikuwekee maua hapo nyuma?"

"Weka tu."

Akamwekea maua ya plastiki, na kando yake thamosi ya chai. Ndambuki alikuwa amevaa suti ya siku ya kuzindua kampeni. Hakukusudia kudanganya mtu. Alikusudia tu kutoonekana, na kwa mtu aliyeomba korti imwone haraka, hilo lilikuwa kosa zito kuliko uongo.

Kwenye simu palijaa vijisanduku vya watu wanaongoja kesi zao. Kimojawapo kilikuwa na wakili anayekula. Kingine kilikuwa na Syombua dukani kwake, sauti ya cherehani ikinguruma mpaka karani akamwomba azime maikrofoni. Ilikuwa mara ya kwanza Ndambuki kuuona uso wake tangu mvua zilipoisha. Alikuwa amebadilisha fremu za miwani.

Lynn alieleza vizuri. Alieleza kitanda, akaeleza meko, akafika kwenye taulo kwa sauti iliyoshuka kama ya mhubiri mazishini. Jaji, mama mwenye sura ya kuchoka, aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Wakili, mteja wako ni yule bwana wa suti?"

"Ndiye, Mheshimiwa," alisema Lynn, na hapo ndipo alipotazama vizuri.

"Bwana Ndambuki, unanisikia? Hapo uko wapi?"

"Gatongora, Mheshimiwa."

"Hicho ndicho chumba namba saba?"

Ndambuki alijiona kwenye simu. Nyuma yake vikombe vilimetameta. Lynn alikuwa ameshika paji la uso.

"Mheshimiwa," akasema wakili wa Syombua, bila kuinua sauti, "naona hata chai iko tayari."

"Hiyo ni kwa Aoko," Syombua akasema, akiwa ameiwasha tena maikrofoni bila kujua. "Hizo pazia nilimshonea mimi."

Kijisanduku cha wakili anayekula kiliacha kutafuna.

Ndambuki angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mtandao. Lakini pazia zilikuwa zimetajwa na aliyezishona, na kitu fulani ndani yake kilichoka kukagua mabomba.

"Mheshimiwa, hapa ni kwa mpangaji. Changu kiko chini. Yote yaliyo kwenye karatasi ni kweli. Niliona haya kukionyesha."

"Uliona haya kuonyesha korti kile ulichoapa mbele ya korti?"

"Ndiyo."

"Na haraka yenyewe ni ya nini? Naona presha, naona dawa. Rufaa karibu zote hapa zina presha."

Lynn alifungua mdomo, lakini mteja wake alikuwa ameshaanza kusema kweli na hakujua mahali pa kusimama.

"Ni mbuzi, Mheshimiwa. Wa binti yangu. Wakwe wanakuja nyumbani Murera, na mimi siruhusiwi kuvuka geti."

Mtu mmoja alicheka kwenye linki, akazimwa. Jaji hakucheka. Alifungua amri ya muda, akaisoma.

"Inasema kwa ruhusa yake. Ulimwomba akakataa?"

"Hapana."

"Ulimwomba?"

"Hapana."

"Ukaona rahisi kuomba Mahakama Kuu."

Jaji akaandika kidogo, akasema ombi la kuharakishwa limekataliwa. Rufaa itangoja zamu yake, na wote walio kwenye linki wanajua zamu ni nini. Kisha akavua miwani.

"Lakini huyu mama yuko hapa. Muulize."

"Sasa hivi?"

"Watu wanangoja, Bwana Ndambuki."

Alirekebisha tai. Hakujua atazame wapi, kwa kuwa katika simu kumtazama mtu na kuonekana unamtazama ni vitu viwili.

"Mama Kaluki."

"Naam."

"Kuna wale wageni wa Kaluki."

"Nawajua. Mchele wao nimenunua mimi."

"Nilikuwa nauliza." Akaisogeza thamosi nje ya picha. "Kama ninaweza kuja."

Dukani kwa Syombua mtu alisimamisha cherehani. Syombua alivua miwani yake mipya, akaifuta kwa ncha ya sare ya mtoto wa watu.

"Uje. Kwani nani alikwambia usije? Kaluki sijamwambia mambo ya geti. Hata dada zangu sijawaambia. Ningeanzia wapi?" Kisha akaongeza, "Na usije na hiyo suti. Utachinja mbuzi na suti?"

"Asante," akasema Ndambuki.

"Irekodiwe," akasema jaji, na kesi iliyofuata ikaitwa.

Aoko alikuwa jikoni na alikuwa amesikia kila neno. Alimimina chai, akaisogeza, akaingia chumbani na kufunga mlango ili mzee ainywe bila kuangaliwa. Ndambuki hakuinywa. Kilichomuuma hakikuwa kicheko cha yule mtu wa kwenye linki. Ilikuwa kwamba muda wote ule alikuwa akiikimbia habari ambayo mke wake hakuwa amemwambia mtu, na mwisho akaenda kuitangaza mwenyewe, akiwa na maua nyuma.

Siku ya ntheo alikuta geti la Murera limeachwa wazi, limeegemezwa jiwe, ili asihitaji kubisha. Aliona ingekuwa nafuu kubisha. Alipokea mbuzi, akashika kisu, akawasifu wakwe kwa maneno waliyostahili na mengine ya ziada. Wazee wa upande wa Mutisya walikula wakaridhika. Mmoja wao, mzee wa Kangundo mwenye macho ya kupima mashamba, aliangaza huku na huku.

"Boma hili umelipanga, muthoni," akasema, yaani mkwe.

"Ni mama aliyelipanga."

"Na ule ukuta huko nyuma?"

"Ni wa jirani."

"Amekusogelea sana."

"Nilimsogeza mimi," Ndambuki akasema. Mzee akacheka, akadhani ni maneno ya kupendeza, akaomba supu zaidi.

Jioni Ndambuki aliwasindikiza hadi getini. Alikuwa amekusudia kutembea nao hivyo hivyo, kwa mazungumzo, mpaka barabarani, kisha apotelee upande wa steji ya matatu bila mtu kugundua. Lakini wakwe wenye heshima hawampi mwenye boma kisogo. Waliingia garini, injini ikawashwa, na gari halikuondoka.

"Rudi ndani, muthoni," yule mzee akasema dirishani. "Umetufikisha."

"Nendeni tu, hakuna shida."

"Hapana, bwana. Wewe rudi kwanza, ndio sisi twende."

Walimngoja, wote wakitabasamu. Ndambuki akageuka, akaingia, akafunga geti, akabaki amesimama nyuma ya mabati yake. Uani Syombua alikuwa akikusanya vikombe. Alimwona pale alipojibanza.

"Wameenda?"

"Bado. Wanageuza gari."

Syombua aliendelea kukusanya. Mlio wa gari ukafifia kuelekea barabara kubwa, na Ndambuki akachukua koti lake kwenye kiti. Ndipo Kaluki alipotoka jikoni na sinia.

"Baba, chai ndiyo hii. Sasa unaenda wapi na koti?"

Ndambuki alimtazama Syombua. Syombua hakumsaidia wala hakumzuia. Alipachika kikombe ndani ya kikombe.

"Naenda nyumbani," akasema. "Gatongora. Namba saba."

Kaluki alicheka. Kisha akamtazama mama yake, ambaye hakucheka, na kicheko kikaisha polepole, sinia ikiwa bado mikononi. Ndambuki alifungua geti mwenyewe, akatoka, akalirudisha taratibu lisipige kelele, kama afanyavyo mgeni aliyelelewa vizuri.